Mficha Jua

Lala chali, Nestani. Vaa miwani hii.
Ni nzito, najua, inabana pua,
lakini macho hayauzwi sokoni.

Kabla ya yote nauliza ninachouliza kila mtu:
unameza dawa za chunusi? Una mimba?
Umeota jua mwezi huu?
Unajibu hapana, hapana, hapana,
haraka haraka, kama mtu anayefunga vifungo gizani.

Mimi ni Lamara. Mwaka wa kumi na moja huu
nimo katika chumba hiki cha ghorofa ya pili, Saburtalo,
juu ya duka la betri za magari.
Kazi yangu ni kufukuza malaika:
wa mikono, wa shavu, wa juu ya mdomo,
na wale wa mgongoni ambao wanaume wa Tbilisi
huja kuwaaga kimya kimya, Jumatatu, wakilipa taslimu.

Sikudanganyi: inauma.
Si uchungu wa kuzaa, wala si wa jino.
Ni mpira wa kufungia noti
unaovutwa ukaachiwa, ukavutwa ukaachiwa,
mara mia na ushei kwa mguu mmoja.
Hapa kwenye muundi, penye mfupa, utanitukana.
Wengine hunitukana kwa Kirusi, ili nisiumie.
Halafu harufu: kuku anayebabuliwa motoni,
saa nne asubuhi, na wewe umejipulizia manukato.
Lakini uchungu huo una adabu.
Unabisha hodi, unapiga, unakwenda zake.
Ninaouogopa mimi ni ule usio na haraka.

Maana mwanga huu hauoni unywele.
Unaona weusi. Weusi tu ndio unaoutafuta,
na haujui upi ni wa shina
na upi ni wa ngozi iliyopikwa na Septemba.
Haujui kusoma fomu yako.
Hausikii hapana.

Mzevinari alitoka Batumi, baharini,
akaniambia rangi hii nimezaliwa nayo.
Mashine ilikuwa mpya, na mimi pia;
nikauamini mdomo.
Jioni akapiga simu. Hakulia,
na huko kutolia ndiko kulikonikata.
Kesho yake, mapajani, mstatili juu ya mstatili,
alama ya kioo cha mashine, safi, yenye pembe,
kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.
Miezi mingapi alivaa soksi ndefu?
Ngazi ile ilififia.
Mimi bado naipanda usiku.

Basi nipe mkono.
Pembeni mwa kucha pana zambarau
iliyoishinda sabuni.
Kwenye kifundo, saa uliyoivua mlangoni
imeacha bangili nyeupe.
Zabibu za nani hizi? Za baba, Kakheti?
Siku ngapi mizabibuni, mikono wazi?

Unacheka. Halafu hucheki.
"Kumi na mbili," unasema. "Na harusi ni Novemba,
na mama mkwe wangu ana macho."

Mficha maradhi, kilio humuumbua.
Mficha jua, mwanga humuumbua.

Siwashi mashine leo. Hapana, hata kidogo,
hata kwa nguvu ya chini, hata ukilipa mara mbili.
Jifunike mkono. Rudi Januari,
theluji ikiwa imejaa uani
na ngozi yako imelisahau shamba.

"Walau nijue inavyouma."

Natoa mpira kwenye noti za asubuhi,
nauvuta juu ya ile bangili nyeupe,
nauachia.

Ndiyo. Hivyo. Sasa zidisha mara mia.

Nenda na malaika wako harusini.
Hawajaalikwa, lakini ni wa kwenu;
bibi yako alicheza nao, mikono juu,
na watu walitazama miguu yake.
Miwani iache hapo mezani.